Kuvu Katika Nyumba ya Mama Mkwe

Njuki hakuchagua kuishi uso kwa uso na mama mkwe wake. Iliyochagua ni kamba ya Ndambiri. Serikali ilipoamua kwamba watu wa matuta yale ya Embu, chini tu ya msitu, wasikae tena kila mtu shambani kwake bali wakusanywe kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki, wasiwalishe wapiganaji wa msituni, Ndambiri, mkuu wa homgadi, wale askari wenyeji wa serikali, alipewa kamba na vigingi akaambiwa apange nyumba. Akazipanga kama mtu anayepanda maharagwe: mstari huku, mstari kule, mlango ukitazama mlango. Hakuuliza nani ni nani wa nani. Basi kila asubuhi Njuki akifungua mlango wake, anayemwona kwanza ni Igoki, mama wa mkewe, naye akifungua wake.

Kwa watu ambao kwao wakwe hucheka pamoja na kula sahani moja, hili litaonekana jambo dogo. Kwa Waembu wa siku zile lilikuwa balaa. Mtu na mama mkwe wake walitenganishwa na nthoni, yaani ile heshima iliyochanganyika na aibu: haingii nyumbani mwake, hali chakula mbele yake, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini hadi mwenzake apite. Sasa utaingia majani gani katika kijiji ambacho nyasi zote zimefyekwa ili homgadi wa mnarani waone hata panya akipita? Njuki alianza kutoka nyumbani kinyumenyume, akijifanya anafunga mlango, mpaka mkewe Wamuyu akamwonya kwamba siku moja ataangukia jiko la watu.

Ikibidi kusemezana, walisemezana kupitia Wamuyu. Igoki husimama kwake, Njuki kwake, na Wamuyu katikati.

"Wamuyu, mwambie mume wako paa lake linavuja."

"Wamuyu, mwambie mama nimeliona."

Wamuyu hakuhitajika kusema lolote. Alihitajika kuwepo tu. Na asipokuwepo, kulikuwa na mbuzi. Njuki alibakiwa na mbuzi mmoja, dume jeupe lenye sikio lililochanika, aliyefungwa kwenye kigingi kati ya nyumba hizo mbili. Huyo ndiye aliyebeba salamu nyingi za ukoo ule, naye alizibeba vizuri, maana hakuwahi kuongeza neno lake.

Njuki mwenyewe alikuwa amerudi kutoka Nairobi bila kupenda. Alifanya kazi miaka kadhaa katika kituo kimoja cha utafiti wa kahawa, akiosha chupa na kuchunga kuvu. Ndiyo, kuchunga. Mzungu wake alikuwa akiotesha kuvu nyeusi kwenye pumba za ngano zilizochanganywa na maganda ya kahawa, vitu ambavyo wengine walivitupa. Ikishaota aliiloweka, akaikamua, na maji yale yakimwagwa juu ya kahawa iliyomenywa yalikula ute wake kama mchwa wanavyokula mguu wa kitanda. Kilichomo ndani ya maji Mzungu alikiita enzaimu. Njuki akieleza nyumbani alisema ni meno ya kuvu, kwa sababu ndivyo alivyoelewa: kuvu haina kinywa, basi huyatema meno yake nje yatafune kwanza, ndipo inywe.

Halafu ikaja asubuhi ile ya msako mkubwa wa mwaka 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakazolewa mjini kama takataka. Njuki alichunguzwa, akaonekana hana kosa kubwa kuliko kabila lake, akarudishwa kwao kwa lori. Mfukoni alikuwa na kichupa cha dawa ya macho, ndani yake pumba kavu zilizofunikwa na vumbi jeusi. Askari alikinusa akauliza ni nini.

"Dawa ya tumbo," alisema Njuki.

Askari akamrudishia. Siku hiyo matumbo ya wengi yalikuwa yamechafuka.

Kwa sababu ya kituo kile, Njuki alipewa kazi ya kuangalia kiwanda cha kahawa kilichokuwa bondeni kando ya mto: mashine ya kumenya ya kuzungusha kwa mkono, tangi la saruji, na vichanja vya kuanikia. Kahawa ikishamenywa hubaki na ute, na lazima ikae tangini mpaka ute uchachuke na kuachia, ndipo ioshwe. Ikioshwa mapema hubaki inateleza, ikichelewa inaharibika. Huko juu baridi ni kali, na ute hauna haraka na mtu. Uliachia usiku wa pili, wakati ambapo anayeonekana nje ya lango hupigwa risasi kwanza akaulizwa pasi baadaye. Lango likifunguliwa asubuhi, kahawa imeshapita wakati wake na inanuka kama vitunguu vilivyooza. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hawakuwahi kupita kiwandani kwa Njuki.

Mizigo miwili ilikuwa imeshakataliwa. Bwana Shamba, Mzungu mwembamba aliyetembea na mbwa, alikuja akaingiza pua guniani, akaitoa upesi.

"Ile ingine kama nanuka, mashine nakwenda," alisema. "Hapana mashine, hapana kahawa. Miti nang'oa yote."

Kiswahili chake kilikuwa kibovu, lakini siku hiyo kilieleweka vizuri mno.

Hakuna aliyeumizwa na maneno hayo kama Igoki. Mumewe, Ireri, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza pale kuruhusiwa kupanda kahawa. Miche aliibeba mgongoni kutoka Embu mjini, na waliokutana naye walisema alikuwa akiisemesha njiani. Sasa Ireri alikuwa kizuizini, mbali huko kwenye joto na vumbi, kwa kosa ambalo hakuna aliyewahi kulitaja sawasawa. Siku alipochukuliwa hakumwambia mkewe mengi. Alisema, "Angalia miti." Nyumba yao ikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, lakini kila siku lango likifunguliwa Igoki alikwenda na jembe lake kuipalilia miti ile, homgadi akimlinda na kupiga miayo. Ireri akirudi ataikuta imesimama. Hilo tu ndilo alilobaki akilitaka duniani.

Kwa hiyo Njuki aliposema kwamba ana dawa ya kuufanya ute uachie kwa usiku mmoja, kahawa imwagiwe dawa jioni kabla ya lango kufungwa na asubuhi iwe tayari kuoshwa, habari zilivuka ile njia kati ya milango miwili bila hata kumhitaji mbuzi.

Pumba alizipata kwa Kaberia, Mmeru aliyeendesha lori kutoka mashamba ya ngano ya Timau, akipitia Meru na Nkubu kushuka Embu. Walielewana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao.

"Wewe Njuki, hii ni chakula ya nguruwe," Kaberia alisema akishusha gunia. "Umeanza kuweka nguruwe?"

"Ni ya kutengeneza dawa ya kahawa."

"Kahawa ni mgonjwa?"

"Inanuka."

"Sasa unapatia yeye chakula ya nguruwe ndio iwache kunuka?" Kaberia alicheka mpaka akashika mlango wa lori. "Haya. Mimi ni dereva tu. Lakini mzungu akiuliza nani alileta, mimi sikujui na wewe hunijui."

Shida ilikuwa mahali pa kuoteshea. Kuvu hupenda joto kama la ubavuni mwa mtu. Kiwandani kulikuwa na baridi, na nyumba ya Njuki ilikuwa bado mbichi, kuta zikitoa jasho na paa likivuja vilevile. Nyumba kavu ilikuwa moja, ya Igoki, ambaye hakuwa ameuacha moto wake uzimike tangu alipouwasha.

"Kwa mama kuna joto," alisema Wamuyu.

"Nimpelekee mama mkwe uozo anilelee?"

"Mficha uchi hazai," alisema Wamuyu, mtoto mgongoni kama ushahidi.

Basi Njuki akafanya kama alivyoona kituoni. Alichanganya pumba na maganda ya kahawa yaliyosagwa, akanyunyiza maji mpaka ukizifinya zinashikana bila kudondosha, akazipika kwa mvuke katika sufuria lililowekwa vijiti chini, akaziacha zipoe. Kisha akatikisa kichupa chake juu yake, karibu vumbi lote, kwa madaha ya kasisi anayebariki. Akazitandaza kwenye ungo, akafunika kwa majani ya mgomba, akamkabidhi mkewe.

"Mwambie mama hiki si kitu cha mchezo," alisema. "Akiweke mahali pa joto, pa heshima, pasipoguswa na mtu."

Hakusema zaidi. Alipenda kidogo kuonekana mtu mwenye siri.

Sasa, katika nyumba ya Mwembu, mahali pa joto, pa heshima, pasipoguswa na mtu hapana pengine ila itarani, kwenye dari ya fito iliyo juu ya jiko. Huko ndiko mama huweka mbegu zake za mwaka ujao. Igoki alizishusha mbegu zake za wimbi ili kitu cha mkwe wake kipate nafasi. Halafu akaongeza kuni, kisije kikaona baridi.

Wamuyu alipouteremsha ungo, pumba zilikuwa kavu kama ugoro na zilinuka moshi. Hapakuwa na unywele mmoja wa kuvu. Mbegu huwekwa itarani kwa sababu moshi na ukavu havipatani na kuvu, na safari hii kuvu ndiyo iliyokuwa mbegu.

Mtu hamkaripii mama mkwe wake. Lakini hasira ikikosa mlango hutokea dirishani. Njuki alitoka nje, akasimama mbele ya mbuzi.

"Mbuzi," alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "kuna watu huua kitu huku wakidhani wanakitunza."

Jioni ile Wamuyu alimkuta mama yake amekaa gizani, moto umezimika kwa mara ya kwanza.

"Nimeing'oa miti ya baba yako," alisema Igoki. "Kwa mikono yangu hii."

Wamuyu alirudi akamwambia mumewe maneno hayo kama yalivyosemwa, hakuyapunguza makali. Njuki akaona aibu hadi masikioni. Alijua mwenye kosa ni nani. Neno moja tu, moshi, lingetosha, na hakulisema kwa sababu ya kiburi. Alikichukua kichupa akakitazama mwangani. Kilikuwa kitupu, ila kizibo chake upande wa ndani kilikuwa bado na weusi.

"Mwambie mama kosa ni langu," alisema. "Mwambie awashe moto. Kuna kidogo kimebaki."

Alikisuuza kizibo katika kijiko cha maji, na maji hayo akayanyunyiza juu ya pumba mpya, bila madaha yoyote safari hii. Wamuyu alipoupeleka ungo, Igoki hakuupokea mara moja.

"Muulize niuweke wapi. Sitaki tena kujua mwenyewe."

"Mbali na moshi," lilirudi jibu. "Auweke pale ambapo angemlaza mtoto mchanga."

Wakati huohuo kahawa ilikuwa imeiva matutani na Bwana Shamba ameshataja siku ya kuja. Ikapangwa mazao yachumwe na kumenywa siku ambayo kuvu ingekuwa tayari. Lakini kabla ya hapo, asubuhi moja, filimbi ya kazi ya lazima ililia, na Wamuyu na wanawake wote wenye nguvu wakaondolewa kwenda kupanua handaki upande wa msituni hadi jioni. Kijijini walibaki vikongwe, Igoki mmoja wao, na Njuki, ambaye pasi yake ya kiwanda ilimruhusu kuja na kwenda.

Alipanda kutoka mtoni mchana, roho juu. Akasimama kando ya mbuzi, macho ameyaelekeza mnarani.

"Mbuzi, laiti ningejua kama kile kitu kimeota."

Sauti ya Igoki ikatoka ndani: "Mbuzi, mwambie kimeota. Cheupe, kama ndevu za mzee aliyekosa wembe."

Njuki nusura arukeruke. "Mbuzi, kina joto?"

"Kina homa. Nimekigusa nikautoa mkono."

"Mbuzi, kimeshikana?"

"Kimekuwa mkeka. Ukiinua upande huu, upande ule unafuata."

Furaha ya Njuki ikayeyuka. Kuvu ikikua hujipasha joto yenyewe, na mkeka usipovunjwavunjwa upate hewa hujipika mpaka ukafa. Kituoni aliwahi kuona ungo mzima ukipotea hivyo asubuhi moja, na Mzungu akatukana kwa lugha yake.

"Mbuzi, mwambie akivunje. Akifikiche kwa mikono kiwe chengachenga. Sasa hivi."

"Mbuzi, nimejaribu," ilisema sauti, na safari hii ilitetemeka. "Jembe nalishika kwa viganja, lakini vidole vyangu haviko tena. Baridi yabisi imevifunga. Mwambie Wamuyu atakuja jioni."

"Mbuzi, jioni kitakuwa kimekufa."

"Basi mbuzi, nikitoe nje?"

Njuki alitazama mnarani. Ndambiri alikuwa kule juu, ameegemea bunduki, akitazama chini moja kwa moja. Kila mtu alijua viapo vya wapiganaji wa msituni vilisemekana kulishwa chini ya majani ya mgomba. Mwanamke ambaye mumewe yuko kizuizini, atoke nyumbani na kitu chenye manyoya kilichofunikwa na majani hayohayo? Watu walikuwa wamechukuliwa kwa majani machache kuliko yale.

"Mbuzi, asithubutu."

Mbuzi akatafuna. Njuki aliutazama mlango ulio wazi mbele yake. Angeweza kuingia porini gizani, angeweza kurudi Nairobi bila pasi, lakini si mle. Babu yake hakuingia kwa mama mkwe wake hata nyumba ilipokuwa inaungua.

"Njuki," ilisema sauti. "Ingia."

Hakusema mbuzi. Hakusema mume wa Wamuyu. Alilitaja jina lake, jina ambalo mama mkwe haliweki kinywani. Njuki alivua kofia, akainama, akaingia.

Mle ndani alitazama chini tu. Aliona miguu ya Igoki, mikavu, imesimama kando kumpisha. Akaona kitanda cha fito upande wa ukutani, mbali na jiko. Juu yake ulikuwa ungo, na ungo umefunikwa blanketi la kijivu lililokunjwa vizuri pembeni. Blanketi hilo Njuki alilijua. Ireri alilivaa begani kila asubuhi ya baridi. Watoto wa matuta yale walimtambua kwalo. Igoki alikuwa ameliokoa nyumba ilipochomwa, akamtandikia mumewe kitanda ambacho hajawahi kukilalia, na mahali hapo ndipo alipoilaza kuvu. Njuki akajua kwamba akisema neno atalia, na kulia mbele ya mama mkwe ni makosa ya juu ya makosa.

Alipiga magoti, akafunua, akaingiza mikono. Ilikuwa moto kweli. Aliuvunja ule mkeka vipande, vipande akavifikicha, vinywele vyeupe vikiachana. Baada ya muda mikono mingine iliingia unguni, vidole vimepinda, ikikusanya chenga na kuzitandaza upya. Wakafanya kazi hivyo, macho chini, kama watu wawili wanaochambua maharagwe ya usiku.

"Ireri ataikuta miti yake?" aliuliza Igoki, moja kwa moja.

"Ataikuta, mama."

Alitoka akiwa ametota jasho. Kule mnarani Ndambiri alikuwa amesimama wima, mdomo wazi, bunduki ameisahau.

Kesho yake weusi ulianza kuonekana juu ya weupe, na hapo ndipo meno ya kuvu huwa makali. Njuki alirudishia vumbi kidogo kichupani, kisha akailoweka iliyobaki, akaikamua kwa gunia safi. Ilitoa maji ya rangi ya chai. Jioni aliyamwaga tangini juu ya kahawa iliyomenywa, akakoroga kwa mti, akakimbilia langoni likiwa linafungwa.

Hakulala usiku kucha. Lango lilipofunguliwa aliteremka mtoni mbio, homgadi akimfokea apunguze mwendo. Akaingiza mkono tangini, akatwaa konzi, akaisugua. Haikuteleza. Ilikwaruza, ikalia kama changarawe. Akainusa, akainusa tena. Ilinuka maji.

Bwana Shamba alipokuja, kahawa ilikuwa vichanjani, nyeupe, imekauka. Aliingiza pua. Watu wote wakaacha kupumua kwa niaba yake.

"Hapana nuka," alisema, kama mtu aliyedanganywa. "Mashine nakaa. Nani nafanya hii?"

Njuki alikuwa amejiandalia hotuba tangu siku ya pumba. Akafungua kinywa, akamwona Igoki nyuma ya wanawake wengine, ameshika jembe.

"Mimi na mama, bwana," akasema, na hotuba ikaishia hapo.

Sasa likabaki lile jambo lingine. Kahawa ya Ndambiri nayo ilikuwemo tangini, na alifurahi kama mwingine yeyote, lakini macho yake yalikuwa yameona yaliyoona, na mdomo wake haukuwa na handaki. Wazee walikutana, wakasema hawamlaumu mtu, nyakati ni mbaya. Hata hivyo nthoni imevunjwa mchana kweupe, na dawa yake inajulikana: mkwe achinje mbuzi, waliokoseana wamle pamoja, heshima irudi mahali pake. Njuki hakubisha. Alimfungua mbuzi wake wa pekee kwenye kigingi, akamkokota ile safari fupi kuliko zote hadi mlangoni kwa Igoki, akasimama na kisu kiunoni.

Igoki akamtazama mbuzi, kisha binti yake.

"Wamuyu," alisema, "mwambie mume wako huyu hachinjwi leo. Kilichovunjwa kilivunjwa kando ya kitanda cha mtu, na mwenye kitanda hayupo. Atakayekula kwanza ni yeye. Amrudishe kigingini."

Wazee walinung'unika kwamba mbuzi wa utakaso hawekwi akiba kama mahindi. Lakini nani angebishana na mama yule? Mbuzi akarudishwa. Aliendelea kubeba salamu, msimu kwa msimu, na kila msimu Kaberia alileta pumba akiulizia afya ya nguruwe, na kila msimu ungo ulilazwa chini ya blanketi la kijivu. Wa kuzivunja zile pumba alikuwa Wamuyu, au jirani, kwa kuwa nyumba ile Njuki hakuingia tena.

Ireri alirudi mwaka wa 1958, wakati wa mvua ndogo. Hakuanzia kijijini. Watu waliokuwa mashambani walimwona mzee mkondefu akipita katikati ya mistari ya kahawa, akigusa kila mti shinani kwa kiganja, na hakuna aliyemsogelea hadi alipomaliza. Kisha akapanda kwa mkewe, na hayo waliyosemezana humo ndani si yetu.

Mbuzi akachinjwa siku iliyofuata. Alikuwa mzee mno. Walimchemsha tangu asubuhi, wakaongeza kuni, wakaongeza maji, na bado nyama ilikuwa kama mkanda wa askari. Walikaa nje, Igoki upande huu na Njuki upande ule, Ireri katikati na blanketi lake begani. Kipande cha kwanza alipewa yeye kama ilivyoahidiwa. Alikitia kinywani, akakihangaikia, akakitoa. Ndipo wote walipoona kwamba meno ya mbele hayakuwepo, ya juu wala ya chini. Hakuna aliyeuliza yalikwenda wapi. Hakuna aliyekuwa hajui.

Njuki, kwa kukosa pa kutazama, alianza kueleza habari za kuvu, upesi upesi: pumba, maganda, joto, na jinsi inavyoyatema meno yake nje yakatafune kabla haijanywa. Ireri alisikiliza, nyama mkononi.

"Basi hiyo kuvu yako inanishinda meno," alisema.

Akacheka, kicheko chenye upepo mwingi, na wao wakacheka naye wakijifuta macho. Igoki alikichukua kile kipande, akakikatakata kwa kisu vipande vidogo vidogo kama vya mtoto, akamrudishia kwenye bakuli la mchuzi. Ireri akala. Mbuzi alikuwa ameliwa na mwenye kitanda, na heshima imerudi mahali pake; ndivyo wazee walivyokuwa wamesema.

Njuki alitaka kumshukuru Igoki. Wamuyu alikuwa ameingia ndani na mtoto. Macho ya Njuki, kwa mazoea, yakaenda kwenye kigingi, yakakuta kamba tupu.

Igoki akaona alikotazama.

"Tumeshamla," alisema, akimsogezea bakuli kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, Njuki."